Jumamosi za Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu wa zamani amefariki. Wengi wenu hapa Ihumwa mlimwona hata kama hamkumjua: yule mtumishi wa serikali, mrefu, aliyehamia na ofisi yake kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, akapanga vyumba vyangu vya uani. Wiki nzima alikuwa mtu wa shati jeupe na kiti. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alfajiri anakimbia, jua likipanda anashika baiskeli kuelekea Mvumi, jioni anaparamia mawe ya mlimani kwa kamba kama pimbi. Nikamuuliza kama kwao hakuna shamba la kulima. Akacheka. "Bibi, ofisini nabanwa siku tano. Nisipotoka nitapiga watu mateke."

Jumamosi yake ya kwanza alinitia aibu. Kwetu Wagogo mtu mzima hakimbii hovyo. Ukimwona anakimbia, ujue ng'ombe wameibiwa au nyumba inaungua, nawe huulizi, unachukua fimbo unamfuata. Basi akapita kwenye mashamba ya mtama, wanaume wakatupa majembe wakaanza kumfuata. Yeye akadhani amepata wenzake wa mazoezi, akaongeza mwendo. Wao kuona kaongeza mwendo, wakajua jambo ni zito. Walimkamatia karibu na reli, wote wanahema. Jirani yangu mmoja, mzee, akamuuliza, "Wamepita wapi?"

"Kina nani, mzee?"

"Wezi."

"Shikamoo, mzee. Hakuna wezi. Nafanya mazoezi."

Mzee akaegemea fimbo yake. "Kumbe umetukimbiza wote hawa kwa sababu umeshiba."

Toka hapo ikawa sheria: Ijumaa jioni apite kwa balozi wa nyumba kumi aseme, kesho nakimbia, hakuna msiba. Na alipita.

Kisha wakampandisha cheo. Tulimpongeza, nikachinja hata jogoo. Lakini kuanzia hapo Jumamosi ikawa ya simu. Kwanza ikaachwa kamba, halafu baiskeli ikaingia stoo. Zikabaki mbio, nazo akawa anazikimbia humu humu uani kwangu, simu mkononi, akizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mimi magoti yameniketisha, sikuchagua. Yeye alikuwa mzima. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, izime hiyo."

"Siwezi, bibi. Mkubwa anaweza kupiga."

"Amepiga leo?"

"Bado."

"Sasa?"

"Naogopa apige asinipate."

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja: kwenda Kondoa kwa baiskeli, kwa mama yake, alale huko, arudi taratibu akiangalia nchi. Alikuwa ananisimulia njia hiyo mpaka nikaijua, milima yake na mahali pa kununua maji. Utakwenda lini? "Bajeti ipite kwanza, bibi." Bajeti ikapita. "Bunge liahirishwe kwanza." Likaahirishwa, wakaja wageni wa wizara. Mwisho akahamia nyumba kubwa karibu na kazini, na baiskeli akaenda nayo ikiwa na vumbi lake. Nilipomuuliza kwa simu, alisema bado anasubiri nafasi.

Sisemi kazi ndiyo imemuua. Daktari kasema ni moyo, na mimi si daktari. Darasani nilikaa kidogo sana. Ila pale msibani mkubwa wake alisimama akasema marehemu hakukosa kazini hata siku moja, na watu wakatikisa vichwa kwa sifa hiyo. Mimi sikutikisa changu. Walipomaliza nikamfuata, nikamuuliza kwa nini walimnyima ruhusa ya kwenda Kondoa. Akanijibu, mtu mpole tu, wala si yule niliyemwaza nikimchukia miaka yote. "Kondoa? Bibi, hakuwahi kuomba."

Wewe unayesoma haya ukiwa umekaa kwenye kiti chako, kaombe kesho asubuhi. Wakikunyima, njoo tuwalaumu pamoja.