Mwavuli Juu ya Nyumba Yetu

Upepo ulioezua paa letu ulikuja mchana, tukiwa shambani. Mabati tuliyaona yakipaa kuelekea kwenye ngano ya jirani, yakipiga kelele njia nzima. Tuliporudi tulikuta kuta zimesimama, kenchi zimevunjika, na kuku amekaa juu ya meza anatutazama kana kwamba sisi ndio wageni.

Marehemu baba alikuwa dereva wa hoteli moja ya watalii kule kreta, kwenye bonde la wanyama, na nyumba aliikatia bima. Kwa hiyo mimi, mkubwa wa watoto watano tulioachwa yatima, niliyeacha shule darasa la sita ili wadogo zangu wapate wa kuwapikia, nilipanda lori hadi Arusha kudai haki yetu.

"Binti, msiguse chochote," karani wa bima aliniambia. "Mkaguzi lazima aone hasara ilivyo."

"Atakuja lini?"

"Gari likipata petroli."

Nilipokwenda tena, petroli ilikuwa imepatikana, ila tairi hakuna.

Baba mdogo alikuja kutoka Endamarariek kutupa pole. Alisimama sebuleni, akatazama mbingu, akatoa hukumu: masika yakianza nyumba haina paa, atatugawa kwa ndugu, huyu Mbulu, yule Arusha, wengine kwake. "Hamwezi kulelewa na mawingu," alisema. Alikuwa na nia njema. Ndiyo maana nilimwogopa.

Tulihamia jikoni, kibanda cha uani, tukalala tumebanana na mbuzi. Mawingu yalipoanza kukusanyika, nilimweleza mzee jirani yetu kwamba nikiezeka napoteza bima, nisipoezeka nawapoteza wadogo zangu.

Mzee alitafuna unyasi kidogo. "Wamekataza msiguse nyumba?"

"Ndiyo, babu."

"Na hewa iliyo juu yake wameikataza?"

Kesho yake majirani walikuja na nguzo, fito, nyasi na pombe ya mtama. Walichimba mashimo nje ya kuta, wakasimamisha nguzo pande zote, kisha wakaezeka paa kubwa la nyasi juu ya nyumba nzima, na zile kenchi zilizovunjika zikabaki vilevile chini yake. Kila nguzo iliposimama, mzee alipitisha kiganja kati yake na ukuta na kutangaza, "Kinapita! Hatujagusa!" Kadiri pombe ilivyopungua, ndivyo alivyotangaza kwa sauti kubwa zaidi.

Mkaguzi alitokea siku ileile baba mdogo alipokuja kutuchukua. Gari lake lilitupita, likaenda mbele, likarudi.

"Naitafuta nyumba isiyo na paa."

"Ndiyo hii. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona hii ina paa?"

"Haina. Huo ni mwavuli."

Alivua saa, akaiweka mfukoni, akazunguka akipitisha kiganja kati ya kila nguzo na ukuta. Kisha akaingia sebuleni na kuanza kuandika. Hapo mvua ikashuka, ile ya masika inayofanya watu wazungumze kwa kupaza sauti.

"Afisa!" baba mdogo alipaza sauti. "Waambie ukweli. Watoto hawawezi kukaa humu!"

Sote tulitazama juu, tukingoja tone. Nilimshika mdogo wangu wa mwisho mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Mkaguzi alinyoosha kiganja chake, akangoja, akakitazama.

"Hasara nimeiona," alisema. "Lakini silowi."

Mdogo wangu wa kike akadakia, "Baba mdogo, kule kwako bado mnaweka sufuria kitandani mvua ikinyesha?"

"Nyamaza wewe!"

Mkaguzi aliinamia karatasi zake, mabega yakimtikisika.

Hundi ilichukua muda mrefu, na mabati yenyewe tuliyapata baada ya wadogo zangu kunipita urefu. Siku ile baba mdogo alikaa mpaka mvua ikakatika, akanywa chai kikombe baada ya kikombe, wala hakutaja tena kumpeleka mtu Mbulu. Alipotoka, alinivuta kando ya nguzo na kuniuliza, kwa sauti ya chini, wale waezekaji wanapatikana siku gani.