Vitone Kati ya Mama na Filipo

Wala sikwenda kudai shamba, msinitazame hivyo. Nilikwenda kwa ajili ya vitone. Mjukuu wangu Tumpe anachora ukoo wetu kwenye simu, kila mtu kamuunganisha na mwenzake kwa mstari. Mimi na marehemu babu yenu, mstari mnene. Lakini kutoka kwa mama yangu kwenda kwa kaka yake, Filipo wa Ilula, kaweka vitonevitone, kama kuku kapita na miguu ya tope. Nikamuuliza, akabana pua: "Bibi, uhusiano huu haujathibitishwa." Mama kazikwa hapa Uyole bila mtu wa kwao hata mmoja, halafu na kwenye simu aning'inie? Nikasema twende tukathibitishe.

Asubuhi tukapanda basi, baridi inauma. Tumpe akaniuliza, "Filipo si alishafariki? Tutajuaje sasa?" Nikamwambia kaacha mtoto, Galus. Kama Filipo ni mjomba wangu, huyo Galus ni binamu, na binamu ni mtani. Nitamtukana. Akikasirika, si wetu.

"Bibi, hicho si kithibitisho."

"Shuleni kwenu."

Igawa tulishuka kunyoosha miguu. Konda ana sauti ya debe: "Mama zangu tunaondoka, atakayebaki aolewe hapahapa!" Nikamwambia sawa, ila awe na shamba la mpunga.

Mafinga, katikati ya malori ya mbao, akapanda mama mmoja wa Kihehe, kajaa mlango mzima. "Mnyalukolo, sogea kidogo nikae." Mnyalukolo, yaani ndugu yangu. Nikampiga Tumpe kiwiko: mwandike huyo. "Bibi, huku kila mtu anaitwa hivyo." Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, maana marehemu mama yangu naye alikuwa anamtaja Filipo hivyohivyo, mnyalukolo wangu. Sasa alikuwa kaka, au alikuwa mtu wa kusogea kidogo?

Ilula tulifika jioni. Galus tulimkuta uani anachambua nyanya. Mzee mrefu, masikio mapana. Tukaamkiana, kamwene, kamwene, nikajieleza mimi ni nani, nikamjaribu papo hapo: "Masikio yote haya ya nini, umefuga popo?" Akacheka. Tumpe akafuta vitone, akachora mstari.

Galus anaongea polepole, kama anavuka mto kwa mawe. "Baba... alikuwa na dada. Aliolewa... hukohuko Mbeya. Ila sisi tulisikia... ni Lusia."

Mama yangu ni Rosa. Tumpe akarudisha vitone. Nikasema labda alibatizwa mara mbili, ya kwanza haikushika. Galus akacheka tena. Mstari. Akaniita dada, halafu akaniita mama, halafu dada tena, mtoto wa watu na simu yake anafuta na kuchora, mpaka nikamwambia kaiweke chaji.

Ugali ulipoletwa nikamwambia Galus anakula kama mwizi anayeficha ushahidi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Nikaenda kulala nimefurahi, lakini usingizi haukuja. Mtani hacheki tu. Mtani anakurudishia. Mimi meno yamebaki matatu, na hakuyagusa.

Asubuhi alitusindikiza hadi barabarani kungoja basi, kabeba ndoo ya nyanya aliyotupa zawadi. Tumpe kashika simu, anangoja nimwambie achore nini. Nikaona nisirudi Uyole na kichwa kizito.

"Galus," nikamwambia, "tangu jana nimekutukana masikio, nimekutukana ulaji. Mbona wewe hunirudishii hata moja? Hata haya meno huyaoni?"

Akaitua ndoo taratibu. Akanitazama vizuri, kwa heshima zote.

"Mama," akasema, "mimi nilicheka kwa kuwa wewe ni mgeni."