Redio Alivyonyamaza

Dada mmoja, mwalimu mwenzetu wa fizikia, tulimwita Redio, na wala hakuchukia. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, na mengi ya kusema. Darasa lake na langu yametenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mimi nikifundisha historia upande huu, wanafunzi wangu walitoka wakijua habari za umeme kuliko sababu za vita. Nikimlalamikia, alinijibu, "Mdogo wangu, na wewe paza sauti. Nani kakuziba mdomo?"

Nampenda, lakini sitampamba. Redio aliamini kuwa mwanafunzi ni mtungi, ukimimina sana utajaa tu. Mkuu wa shule alipoanzisha mpango wa ulezi wa masomo, kila mwalimu alikabidhiwa wanafunzi wanne wanaoyumba, akae nao baada ya vipindi. Sisi wengine siku za mvua tulisingizia mvua, na siku za jua tulikuwa na vikao. Redio hakukosa. Alieleza, akarudia, kisha akauliza, "Tumeelewana?" Wakaitikia kwa pamoja, "Tumeelewana, mwalimu!" Mtihani ukija, karatasi nyeupe pee.

Mmoja wa wanne wake alikuwa Kidoti, binti wa fundi viatu, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ya shavuni. Kidoti alitaka kusomea ufundi wa mashine za hospitali. Wazo hilo lilimwingia siku alipomsindikiza mama yake kupigwa picha ya kifua, wakakaa kwenye benchi tangu asubuhi, kisha wakaambiwa warudi nyumbani kwa sababu mashine ni mbovu na fundi hayupo. "Huyo fundi asiyekuwepo ndiye mimi," alikuwa akisema. Lakini bila fizikia njia hiyo inafungwa, na mkuu alikwishaamua: atakayeanguka kwenye mtihani wa majaribio atatolewa kwenye somo hilo kabla ya mtihani wa mwisho, asije akashusha wastani wa shule.

Kwenye kikao cha walimu wapo waliotaka wanaoyumba watolewe mapema, na jina la Kidoti lilitajwa la kwanza. Redio akasimama.

"Huyo simtoi."

"Mwalimu," mkuu akasema kwa upole, "miaka miwili sasa unamweleza."

"Nitamweleza tena. Akianguka kwenye majaribio, nitamfuta kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla ya hapo asiguswe."

Wiki ileile sauti ikamkatika. Ilianza kukwaruza, ikawa kama mlango usiotiwa mafuta, kisha ikapotea kabisa. Daktari akasema koo limechoka, nyuzi za sauti zimevimba, na asitamke neno lolote, hata kwa kunong'ona, mpaka amruhusu. Akikaidi, sauti huenda isirudi tena. Nilimhurumia sana na, Mungu anisamehe, nilifurahi pia, maana historia yangu ingesikika. Mumewe, ambaye ni fundi bomba, nilimkuta getini amekuja kumchukua.

"Shemeji, nyumbani vipi?"

"Shemeji, kumbe jokofu letu linanguruma! Miaka yote hiyo sijawahi kulisikia."

Tulidhani ataomba likizo. Kesho yake alasiri nilisikia kimya cha ajabu ng'ambo ya ukuta, kikanitia wasiwasi, nikaenda kuchungulia. Redio alikuwa ameandika ubaoni: *Leo mnafundisha ninyi. Nikigonga mara moja, endelea. Nikigonga mara mbili, kuna kosa, litafuteni.* Mwenyewe alikuwa amejibana kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yamegota mbao, mkononi ameshika kifuniko cha kalamu.

Kidoti alikuwa mbele. Alichora betri na taa mbili zilizofuatana kwenye waya mmoja.

"Umeme unatoka hapa kwenye betri," akaanza, "unafika taa ya kwanza. Taa inakula wake. Unaobaki ndio unaokwenda taa ya pili."

Ko, ko.

Kidoti akafuta, akachora upya kwa mistari iliyonyooka zaidi, akasema yaleyale.

Ko, ko.

Akawatazama wenzake watatu. Nao wakamtazama yeye, maana hakuna aliyeona kosa. Hapo nilimwona Redio akifungua mdomo, mishipa ya shingo imemsimama, halafu akajiziba kwa kiganja. Miaka miwili alieleza mpaka koo likafa, na miaka miwili mtoto huyu aliitikia kwa kichwa huku akiamini kwamba taa inakula mkondo wa umeme kama mtu anavyokula mkate. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa na uchungu, na alikuwa na aibu, na sikuwahi kumwona hivyo.

"Mwalimu, tumeshindwa," Kidoti akasema.

Redio akainuka, akatoa kabatini sanduku la betri, nyaya na balbu, akaliweka mbele yao, akarudi kujibana. Wakafunga nyaya. Taa zikawaka.

"Kama ya kwanza inakula, mbona ya pili haififii?" mmoja akauliza.

"Labda ya pili ni mpya."

"Basi tuzibadilishane."

Wakazibadilishana, zikawaka vilevile. Wakabishana mpaka mfagiaji akaingia na ufagio wake. "Ninyi leo mnalala hapa?" Kidoti hakumsikia. Aliinamia zile balbu, uso karibu uziguse.

"Mkondo hauliwi," akasema polepole. "Unaoingia ndio unaotoka."

"Sasa kinachotumika ni nini?"

"Sijui bado. Lakini si mkondo."

Ko.

Tangu siku hiyo makosa yalianza kutoka mafichoni kama mende waliopuliziwa dawa. Mficha maradhi, kilio humfichua, na watoto wale walikuwa wameficha mengi nyuma ya ile "tumeelewana." Kila alasiri ko, na ko, ko, na mabishano ambayo sasa yalinivurugia historia kuliko zamani.

Siku moja ofisini Redio akanivuta pembeni. "Mdogo wangu," akasema, sauti ndogo lakini yake, "nimeruhusiwa kusema."

"Hongera, dada!"

"Nyamaza! Watoto wasijue. Nikifungua mimi, watafunga wao. Mpaka mtihani upite."

"Wewe? Hutamaliza siku mbili."

"Utaona."

Niliona, na haikuwa rahisi. Kesho yake Kidoti alikwama kwenye hesabu moja, akafuta, akakwama palepale, mwishowe akageuka na chaki imemvunjikia mkononi. "Mwalimu, nisaidie tu, hii moja." Redio alikuwa na jibu na alikuwa na sauti ya kulisema. Alikiuma kile kifuniko mpaka kikapasuka, akamkazia macho. Kidoti akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Haya basi," akasema kwa hasira, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Majaribio yakafanywa, matokeo yakaja. Kidoti hakuongoza darasa, asikudanganye mtu, lakini alipita, na jina lake likabaki kwenye fizikia. Mkuu alimkabidhi Redio karatasi, akampa mkono.

Nilimfuata mpaka darasani, maana nilijua amejiandalia hotuba. Akasimama mbele ya wale wanne, akavuta pumzi.

"Wanangu, nimepona!"

Alitegemea vigelegele. Wakatazamana. Kidoti akainamisha kichwa, anabana kicheko.

"Tunajua, mwalimu."

"Mnajua? Tangu lini?"

"Tangu ulipomfokea yule wa pikipiki aliyekurushia tope pale getini. Tulikuwa nyuma yako."

"Hiyo si kabla ya mtihani? Mbona hamkusema?"

Wenzake wakamsukuma Kidoti kwa viwiko.

"Tuliogopa, mwalimu. Tungesema, ungeanza kutufundisha."

Redio akafungua mdomo. Nilimsubiri, na nusura nizibe masikio. Akaufunga. Akaenda dawati la nyuma, akajibana pale pale, akapapasa mfukoni mpaka akakipata kile kifuniko kilichopasuka, akagonga mara moja.

Kidoti akachukua chaki.