Majani Yaliyomtuliza Fundi Macho Upesi Mno

Saa mbili asubuhi, fundi cherehani anavaa miwani ambayo kioo chake cha kushoto amekiziba kwa kipande cha bitana nyeusi. Anatunga uzi. Unakataa, anaulamba, unapita.

"Nikiacha macho yote wazi naona sindano mbili," anasema. "Ile inayonichoma ndiyo ya kweli."

Ana miaka arobaini na mmoja, na hushonea magauni katika chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mumewe.

Macho yalianza kumkereketa mwaka juzi, kama yameingia mchanga. Yakawa mekundu, yakavimba, yakatokeza nje. Mteja mmoja alimuuliza, "Fundi, mbona unanitolea macho, nimekukosea nini?" Magauni matano kwa wiki yakashuka hadi mawili.

Hospitalini, daktari wa macho alianza kwa kumpapasa koo. "Nikasema huyu naye vipi? Nimeleta macho, anashika shingo."

Vipimo vya damu vilionyesha kuwa tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Kinga ya mwili wake ilikuwa imeigeukia tezi hiyo, ikashambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya macho. Akapewa vidonge vya kuituliza tezi, akaambiwa macho yatachukua muda.

Ndipo wifi yake, dada wa mumewe, alipomletea chupa ya kapsuli. Karatasi ya chupa ilisema ni viini vya mimea vinavyoondoa uvimbe.

"Wifi, ni majani tu," alimwambia. "Hata mimi nameza, kwa ajili ya magoti."

Fundi aliipokea huku moyoni akiamini kuwa wifi anakula chake kwa muuzaji wa kapsuli hizo. Akameza hivyo hivyo.

Haikupita wiki, wekundu ukafifia. Nyumba nzima ikafurahi isipokuwa yeye. "Dawa ya hospitali inajikongoja, halafu majani yanakimbia hivi? Nikajua hapa pana jambo."

Usingizi ulimpaa. Njaa ikamwandama. Uso ukamjaa. Alikwenda kwa muuzaji kuuliza ni majani ya mti gani.

"Ni siri ya ukoo, mama," alijibiwa. "Wewe si umepata nafuu?"

Fundi alifunga kapsuli chache ndani ya leso, akampelekea daktari. Zilipopimwa, zilikutwa na steroidi, dawa kali ya viwandani ya kutuliza uvimbe.

"Sisi wenyewe huitumia kwa ugonjwa huu," daktari alimweleza, "lakini kwa kipimo, tukiangalia sukari na presha. Viini vya mimea navyo vinachunguzwa kweli. Vipo vilivyotuliza uvimbe kwenye chembe hai za maabara. Ila bado hatuna ushahidi wa kutosha kumpa mgonjwa kama wewe."

Fundi alitaka kuzitupa siku hiyo hiyo. Daktari akamwonya kuwa mwili wake ulishaizoea dawa hiyo na kuacha ghafla kungeweza kumwangusha, akampa vidonge vya hospitali vya dawa ile ile, avipunguze kidogo kidogo.

"Anasema ni hatari, halafu anasema nisiache ghafla. Nilimtazama sana yule," anasema fundi.

Lakini daktari alipotaja mashavu kujaa kuwa ni dalili ya dawa hiyo, alimkumbuka wifi. Mtaa mzima ulikuwa ukimsifu kwa kunawiri. Alitoka hospitali moja kwa moja hadi kwake.

"Wifi, niambie ukweli. Unapata nini kwa kila chupa?"

"Napata kupanda ngazi bila kulia," wifi alijibu. Mikono yake ilikuwa na michubuko asiyojua ilikotoka. "Kwani kuna nini?"

"Kaa chini kwanza."

Kesho yake walikaa benchi moja hospitalini. Sukari ya wifi ilikutwa juu mno, na sasa naye anatibiwa. "Nilimpelekea mwenzangu sumu huku naila mwenyewe," anasema wifi kwa sauti ya chini. Muuzaji amefunga duka, na simu yake haipatikani.

Macho ya fundi hayajapona. Wekundu ulirudi kidogo, kisha ukatulia kwa matibabu ya hospitali. Ugonjwa ukiendelea kulala, atapasuliwa misuli ya jicho ili aache kuona viwili viwili. Anapanga kurudia magauni ya marinda madogo madogo, ambayo siku hizi anayakataa.

Wifi ameomba amsindikize siku ya upasuaji.

"Nimemwambia aje," anasema fundi, akikaza uzi. "Ila aje mikono mitupu."