Mkato wa Mama

“Usikohoe. Kanda inazunguka.”

Ndivyo nilivyosikia, mchana mweupe, nimekaa kwenye kochi la mtoto wa marehemu kaka yangu hapa Magongo, chai imenipolea mkononi. Ni mwalimu wa kwaya, anamnong'oneza mamangu. Mama yuko kaburini tangu mimi niko darasa la tano, na kanda hiyo nimeisikiliza umri wangu wote. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia.

Kijana alinionya. Kazi yake ni mitambo ya sauti za harusi, lakini spika ndefu za pale sebuleni kazinunua za kujisikilizia mwenyewe. “Shangazi, hizi hazitaki nyimbo za kanda. Ukizitilia kitu kibovu, zinakiumbua.”

“Tia tu, baba. Mamangu hana cha kuumbuliwa.”

Basi wacha nikurudishe nyuma, mwenzangu, ujue nilikuwa na nini kabla ya mchana ule.

Tulikuwa na nyumba ya makuti, na redio kaseti moja ambayo spika yake ilichanika, nyanya akaibandika kwa uji wa unga. Alfajiri mama anakanda mahamri, iliki inanukia mpaka barabarani kwenye malori ya mafuta, naye anaimba. Akitaka kitu ananiita katikati ya wimbo, kwa sauti ile ile ya wimbo, nami naitika “Abee!” huko mferejini na ndoo kichwani. Usipokuwa makini hujui kama anaimba au anaita.

Halafu akaja mwalimu wa kwaya na maiki yake. Alitaka kanda ya kuwapelekea wakubwa wa kanisa wamjue. Masika yote yale akawasimamisha wanakwaya kwenye sakafu yenye unyevu, na mama anakohoa. Nyanya akataka ampeleke hospitali pale Port Reitz, si mbali, unakwenda kwa miguu. Mwalimu akasema tumalize kanda kwanza. “Kifua kinachoimba hakiugui,” ndio ulikuwa msemo wake, na watu wakasema amina.

Kwenye wimbo wa mwisho kuna mahali mama anakata. Ananyamaza, halafu anarudi chini chini, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kwenye redio yetu mkwaruzo ulipajaza pale pote, pakawa pazuri, sijui nikwambieje. Jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyetuletea mbaazi, akifika hapo anashika kifua. “Yarabi! Mamako huyu hata akinyamaza anaimba.”

Watu wakapaita mkato wa mama. Kwaya nyingine zikauiga. Mpaka leo mwalimu yule, mzee sasa, kajenga Utange, anaufundisha. Ananyanyua ngumi, waimbaji wote wanakata, kanisa kimya, anashusha ngumi wanaingia. Anasifiwa kwa hilo.

Mama hakuiona Krismasi ya mwaka ule. Nikatolewa shule, nikawa mimi wa kukanda unga. Nyanya akafuata, halafu kaka. Nyumba ya makuti imevunjwa, pale sasa wanapanga makontena, na jirani sijui alihamia wapi. Nilibaki na kanda. Nikiwa peke yangu naitia, nangoja mkato, na pale anaponyamaza naitika, “Abee.” Mtu mzima mimi, nimeota mvi, naiitikia redio. Ndio mahali pekee palipobaki ambapo mtu aliniita.

Sasa spika za kijana zimenionyesha kilichokuwamo. Hapakuwa kimya. Kuna kifua kinachokoroma, kikohozi kinachomezwa kwa nguvu, na ule mnong'ono. Halafu mamangu, sauti imekauka, anasema, “Ndiyo, mwalimu.” Ndipo anaingia chini chini, maana juu hakuwa na pumzi ya kufika.

Kijana alikimbilia kupunguza sauti. “Nilikwambia, shangazi. Hizi si za nyimbo hizi.”

Kweli, si za nyimbo hizi. Ukiniuliza mimi, wimbo wa kanda iachie redio ya kanda. Ile mbovu yetu ilinionea huruma miaka yote, ikanifichia. Hizi za bei kali zimenipa ukweli na kuninyang'anya mama. Tangu siku ile natia kanda, mkato unafika, mdomo unakataa kuitika. Nasikia kikohozi tu.

Lakini wewe mwalimu, baina yako na mamangu hapakuwa na spika iliyochanika. Ulikuwa umemwinamia sikioni. Ulikisikia kifua kile wazi kuliko mtambo wowote, ukachagua kanda. Halafu ukaifanya pumzi iliyomkatikia kuwa pambo, ukawafundisha watoto wa watu kuikata vile vile, ukapigiwa makofi.

Jumapili nitakaa benchi la mbele. Ukinyanyua ngumi na kanisa likanyamaza, nitakuuliza mbele ya wote: ulisikia, hukusikia? Pengo lile nimeliitikia mimi tangu utotoni. Sasa itika wewe.