Nati ya Giaboksi ya Bwana Msengi

Siku yangu ya kwanza karakanani, pale Singida mjini, sikugusa gari hata moja. Mkuu wa Karakana, mtu mrefu asiyependa maneno, alinipa ndoo ya dizeli na lundo la nati chakavu, akaniambia nizioshe kisha nizipange kwa ukubwa, kwa vidole tu, bila kipimo. Jioni alipita, akaokota moja, akasema, "Hii si ya milimita kumi na saba. Rudia." Nilirudia siku tatu. Ninyi mnaoingia kazini leo mna kompyuta za kusoma ubovu wa gari, na ni jambo jema. Sisi tulifundishwa kwanza kukijua chuma kwa ngozi.

Kutoka hapo nilipelekwa Mungaa kwenye matrekta, misimu minne, kisha nikarudishwa mjini nikiwa fundi wa giaboksi, lile sanduku la meno ya chuma linalopokea nguvu ya injini na kuipeleka magurudumuni. Meno hayo huishi ndani ya oili. Yakiikosa, hulia, huungua, hatimaye hushikana. Chini ya sanduku kuna nati ya kumwagia oili chafu, na ubavuni kuna nyingine ya kujazia mpya. Fundi Mkuu wetu hakuchoka kutuambia: "Fungua ya kujazia kwanza. Ukimwaga kabla hujajua kama utaweza kujaza, umeua gari la watu."

Nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana haya ninayoyaandika ni mazito kwangu.

Bwana Msengi wa Ulemo alikuwa na gari la spoti la zamani, jekundu, milango miwili, limelala chini kama sahani. Hapakuwa na jingine kama hilo mkoani kwetu. Asubuhi moja alilileta libadilishwe oili ya giaboksi. Nilikuwa na haraka na nilijiamini. Nikaanza na nati ya chini, kwa ufunguo usiokaa sawasawa. Ufunguo ukateleza, tundu la pembe sita likaliwa likawa duara, nikamalizia kwa tindo. Oili ikamwagika yote. Nilipogeukia ya kujazia, haikutikisika. Nikairudisha ile ya chini kwa nyundo ili vumbi lisiingie, nikakusudia kuendelea kesho yake.

Tulikuwa na ubao ukutani wa kuandika magari yasiyokamilika. Kabla sijaandika, Fundi Mkuu aliniita, trekta limekwama Mungaa, gari la kunipeleka linasubiri. Nikaondoka. Mchana Bwana Msengi akaja, msimamizi akatazama ubao, hakuona kitu, akampa ufunguo wa gari.

Hakufika nyumbani. Gari lilikutwa kesho yake kwenye njia ya vumbi aliyopenda kukatisha kwenda Ulemo, kabla ya kufika Misigiri, limesimama katikati, koti lake kitini, ufunguo mahali pake. Watu wa vijijini walisema walilisikia jioni likipita, likilia kama mtu aliyefiwa. Askari alikanyaga klachi, inayoitenga injini na giaboksi, akawasha, injini ikawaka mara moja. Basi wakasema gari ni zima, mwenyewe ameamua kuondoka. Magurudumu yalipogoma kuzunguka wakasema breki zimeshika, wakalipakia kwenye lori mpaka kwake. Alitafutwa Arusha, alitafutwa Mwanza. Ikasemwa ana mke mwingine huko. Mimi niliyasikia yote, nikanyamaza. Nikapandishwa cheo mara mbili nikiwa nimenyamaza.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu kwangu, mke wa Bwana Msengi alikuja kwangu. Alikuwa amebeba kuku.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Binti yangu Rehema anaolewa. Anataka kufika kanisani ndani ya gari la baba yake. Fundi wa kwetu anasema lazima ibadilishwe oili ya giaboksi, lakini nati ya chini imeliwa, haifunguki. Anasema nikutafute wewe."

Nilikubali. Sijui kama ni ujasiri au ni uoga wa kusema hapana.

Gari lilikuwa kwenye banda nyuma ya nyumba, limefutwa vumbi, linang'aa kama linasubiri safari. Miaka kumi na mmoja mama yule alikuwa akilifuta kila Jumamosi. Nililiinua kwa jeki, nikaliweka juu ya magogo, nikaingia chini. Upepo wa Singida mnaujua. Siku ile, mchana kweupe, ulikuwa umekatika kabisa.

Nati ilikuwa pale pale, na makovu ya tindo langu.

Safari hii nilianza na ya kujazia. Niliipasha moto, nikailowesha dizeli, nikaisubiri, mwisho ikakubali. Fundi hupima kwa kuingiza kidole tunduni, na oili ikiwa ya kutosha humlowesha. Kidole changu kilitoka kikavu. Ningeweza kutambaa nje nikasema ukweli. Badala yake nilitega beseni, nikashika tindo na nyundo, nikaanza kuipiga nati ukingoni, taratibu, kuelekea upande wa kufungukia.

Pigo la kwanza. Juu yangu nikasikia gia ikiingia, klak. Nikapiga tena. Klak.

"Mama, usishike gia," nikasema.

"Niko huku mlangoni, fundi." Sauti yake ilitoka mbali, nyuma ya miguu yangu. "Nani aingie humo? Milango nimeifunga."

Nikatulia. Kimya. Nikajiambia ni chuma kinachopoa. Nikapiga mara ya tatu, na mara ya tatu gia ikaingia, polepole, kama inavyoingizwa na mtu anayesikiliza kama itakubali. Nati ikalegea, nikaizungusha kwa vidole, ikaangukia beseni.

Hakuna kilichomwagika. Ilitoka pumzi tu, baridi, yenye harufu ya chuma kilichoungua, ikanipita usoni.

"Oili imetoka?" mama akauliza.

Uongo ulikuwa karibu: kwamba ilivuja kidogo kidogo kwa miaka yote hiyo. Nilitoka chini ya gari nikakaa mavumbini mbele yake.

"Haimo, mama. Haikuwamo tangu siku ile. Niliimwaga mimi, sikuijaza, sikuandika ubaoni."

Nilimweleza lote. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo halikuweza kwenda mbele?"

"Halikuweza."

"Wala nyuma?"

"Wala nyuma. Meno yameshikana."

Akakaa chini, akaegemea gurudumu. Machozi yakamtoka bila sauti. "Basi hakutukimbia," akasema. "Alikuwa anakuja kwa miguu."

Jioni hiyo nilisema tena mbele ya ndugu wa Bwana Msengi. Kaka yake mkubwa akasema, "Jumapili utakuja tukamtafute. Mambo yako tutayazungumza baadaye." Tulianzia pale gari lilipokutwa, tukaelekea nyumbani kwake moja kwa moja, kama mtu anayekatisha porini giza likiingia. Jumapili ya pili tulimkuta ndani ya shimo la wachimbaji wa dhahabu, shimo lililoachwa wazi, majani yamelifunika mdomo. Mkanda wake mke aliutambua.

Vijana huja kuniuliza mambo ya giaboksi, nami huwajibu kwa furaha. Siku hizi nawaambia na hili: kosa la mkono hurekebishwa kwa mkono, lakini nililoharibu kwa kunyamaza lilimla mwanamke asiye na hatia miaka kumi na mmoja. Sikuombwa kulipa chochote, wala sijaambiwa nimesamehewa.

Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa, karibu na ua. Ndugu walipomaliza zamu zao za kufukia, yule kaka mkubwa aliangaza macho kati ya watu mpaka aliponiona. Akaja, akanipa koleo mkononi, akasogea kando kunipisha.