Santuri ya Tromboni na Betri za Kuanika

Betri iliyoanikwa juani ina harufu yake, ya bati na chumvi chumvi, na mimi hadi leo nikiinusa natafuta pa kukaa. Miaka ile ya shida Musoma hapakuwa na sabuni wala sukari, sembuse betri. Baba alizianika zetu kuukuu za gramafoni juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akizigeuzageuza kama dagaa, maana zikipata joto zilifufuka kidogo. Majirani walimuuliza kama zinakaribia kuiva.

Alikuwa na santuri moja aliyoithamini. Kwenye jalada palikuwa na mtu mweusi aliyefumba macho akipuliza tromboni, lile tarumbeta refu la kuvuta na kurudisha, na nyuma yake wapiga ngoma wa Kikuba. Aliinunua Kisumu enzi anamchumbia mama.

Mama alikuwa amelala wiki nyingi. Hospitali walituambia dawa tuje nazo wenyewe, na madukani hazikuwepo. Jioni moja akamwambia baba, "Baba Nyangeta, niwekee ile yetu. Nilikuwaga naipenda sana."

Baba akaiweka. Tromboni ikatoka polepole, nzito, ikijiburuta kama ng'ombe mgonjwa, ngoma zikidunda moja moja. Baba akatia kidole kwenye santuri, akaanza kuisukuma izunguke. Sauti ikapanda, ikayumba, ikashuka tena. Jasho lilimtoka.

"Acha tu," mama akasema. "Nimeisikia."

Hakuacha mpaka ikanyamaza yenyewe.

Tulimzika mama kabla ya mvua. Niwaambieni ukweli, nilimkasirikia baba miaka mingi. Niliona amempigia mgonjwa muziki wa matanga angali hai, na sikuwa na wa kumwambia.

Baadaye ikaja ruksa ya biashara, betri zikajaa hadi kwenye meza za barabarani. Siku moja baba akarudi na mpya, akazitia kwenye gramafoni, akaweka santuri ile. Nilijikaza nisilie. Tromboni ikaruka, ngoma zikaifukuza, dansi tupu, ya watu wawili walioshikana viuno.

Baba alikuwa amesimama wima, mikono mfukoni.

"Alitaka kucheza," akasema, akaizima.

Kumbe jioni ile alikuwa anajaribu kumchezesha mkewe, na mimi nilidhani anamlilia. Nilikuwa mtu mzima tayari, betri tele, na bado sikuwa na la kumfanyia baba.